Viza imeisha, tiketi isikatwe haraka

Wapendwa, mume wangu aliingia Marekani kwa viza ya matembezi, ikaisha, akabaki. Tulipofunga ndoa, ndugu wengi walimshauri arudi Nairobi akaombe upya ubalozini. Jamani, hapo ndipo wanandoa wanapotenganishwa! Aliyepitiliza zaidi ya siku 180 akitoka nje ya nchi anafungiwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka na zaidi, miaka 10.

Mimi ni raia wa Marekani, naye alikaguliwa uwanja wa ndege akaruhusiwa kuingia. Kwa mwenzi wa raia aliyeingia hivyo, kupitiliza peke yake hakumzuii kuomba grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) akiwa humu humu, kwa fomu I-130 (ya raia kumwombea mwenzi wake) na I-485 (ya mwenzi kuomba grinikadi yenyewe). Anayekuombea akiwa na grinikadi tu, mambo ni mengine. Mara nyingi inabidi kwanza apate uraia.

Kwenye usaili afisa alipekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa mpaka akaukuta muhuri wa kuingilia. Ndipo akatuuliza tulikutana wapi, na nani analipa kodi ya nyumba. Tulikuwa na mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja, na picha na wakwe.

Mlio kwenye hali hii, muoneni wakili wa uhamiaji kabla ya safari yoyote.