Nilifuta data za miaka miwili, diski ikazidi kujaa

Jumamosi nipo zangu soko la Majengo nabembeleza bei ya nyanya, simu ikatetemeka, meseji kutoka kwenye seva: diski imefika asilimia 84. Nikasema ah, hii ndogo, nikirudi geto nafuta data za zamani yanaisha. Wadau, shimo nilijichimbia mwenyewe.

Kazi yetu iko hivi, tunakusanya namba kutoka kwenye mita zilizofungwa kwenye visima vya vijijini huko Bahi, Chamwino mpaka Kongwa, kila dakika mita inatuma maji yaliyosukumwa, na zote zinaingia kwenye Cassandra, programu ya kuhifadhi data inayogawanya mzigo kwenye seva kadhaa. Tulianza na seva tatu, kila moja diski ya terabaiti 1, na kila data inaandikwa nakala tatu, kwa hiyo kila seva ilikua imebeba mzigo wote. Baadae tukaongeza ya nne (ikumbukeni hii ya nne).

Usiku nikaandika kiskripti kinapita mstari mmoja mmoja kinafuta kila kitu cha kabla ya 2023. Kikakesha. Asubuhi nacheki: asilimia 88.

Bosi akatuma WhatsApp: "Vipi mdogo wangu, imeshuka?" Nikakaa na simu mkononi weee. "Imepanda bosi." Akajibu alama ya kuuliza moja tu.

Kumbe Cassandra haifuti bana, au tuseme haifuti pale pale. Faili zake zikishaandikwa kwenye diski hazirekebishwi tena, kwa hiyo ukiiambia ifute inaandika kitu kipya kinaitwa tombstoni, jiwe la kaburi, kinachosema fulani kafa. Marehemu mwenyewe bado kalala kwenye faili lake la zamani, sasa kuna yeye na jiwe lake. Na mimi nilifuta mstari kwa mstari, mamilioni, kila mmoja nikauchongea jiwe lake, wakati tebo yetu imepangwa kwa mita na siku, yaani ningefuta siku nzima ya mita moja kwa jiwe moja tu. Ujinga wangu huo, simsingizii mtu.

Halafu jiwe lenyewe halitoki kirahisi, kama hujagusa setingi linakaa sekunde 864000, siku 10 hizo. Mwanzo nilikasirika, siku kumi za nini? Ila ukifikiria ina maana: tuseme seva moja ilikua imezima wakati unafuta, haikusikia habari za msiba, wenzake wakatupa mawe mapema, ikiwaka inawaambia jamani mimi huyu mtu ninaye hapa mzima kabisa, na wenzake wanamkubali. Data iliyokufa inarudi kutembea. Misukule kabisa. Ndo maana ndani ya hizo siku 10 unatakiwa upige repair, seva zote zipate taarifa.

Sasa nafasi yenyewe inarudi lini? Kwenye kompaksheni, pale mafaili yanapounganishwa na marehemu na jiwe lake wakakutana kwenye faili moja. Hapa nieleze kwa mjomba wangu, ana stoo ya mahindi Kibaigwa, likizo za shule nilikua naenda kumsaidia. Ukitaka kuchekecha magunia manne utoe taka upate matatu safi lazima uwe na sakafu ya kumwaga. Stoo ikijaa mpaka mlangoni huchekechi, taka zinakaa humo humo zinakula nafasi ya mahindi, na mjomba alikua hakubali ijaze hivyo hata bei iwe tamu vipi. Cassandra hivyo hivyo: ile kompaksheni ya kawaida inasubiri faili nne zinazokaribiana ukubwa ndo iziunganishe, na za zamani haziondoki mpaka mpya imalizike kuandikwa. Faili nne za gigabaiti 100 zinaweza kutaka mpaka gigabaiti 400 za wazi, mimi nilikua na kama 120. Mbaya zaidi mawe yangu yalikua kwenye vifaili vidogo vipya na marehemu wako kwenye mafaili makubwa, hao kukutana wenyewe ni leo au mwakani.

Kilichoniokoa kwanza ni snapshoti. Kuna tebo ya majaribio niliimwaga kwa truncate, amri ya kufuta tebo nzima kwa mkupuo, miezi ya nyuma, kumbe kabla ya kumwaga inajipigia snapshoti, yaani akiba ya faili zilivyokua wakati huo, bila kuulizwa. Snapshoti haikopi kitu, inalipatia faili lile lile jina la pili, ukifuta la kwanza diski hairudishi hata baiti moja sababu la pili bado limeshikilia. Nikapiga nodetool listsnapshots, amri ya kuziorodhesha, nikaguna. Clearsnapshot ikarudisha kama gigabaiti 90 kwa dakika.

Pili ile seva ya nne. Ilipoingia, kila seva ilitakiwa ibaki na robo tatu ya mzigo, ila zile za mwanzo hazitupi kisicho chao tena mpaka uziamrishe nodetool cleanup, na hakuna aliyeziamrisha. Nikaenda seva moja moja, faili moja moja, maana nayo inaandika upya inataka sakafu. Diski ikatua kwenye asilimia 60 hivi.

Nikapiga repair, siku 10 zikapita, ndo nikaanza kuzichagua faili kwa mkono na compact --user-defined, lenye mawe pamoja na lenye marehemu wake, nikianza na madogo.

Sa hivi kuna tebo mpya, kila data inaingia na TTL, yaani muda wake wa kuishi, ya miaka miwili, kompaksheni ya kidirisha cha muda, siku 30 kila dirisha, kila kitu ndani ya faili kikiisha muda faili zima linatupwa bila kuchekecha chochote. Angalizo tu, TTL ya tebo haigusi data iliyokwisha kuandikwa, kwa hiyo ya zamani bado naihamisha taratibu.

Ile alama ya kuuliza, kumbe bosi akaenda kuagiza diski Kariakoo. Zilikuja na basi nikazifuata mwenyewe stendi ya Nanenane, ziko kwenye droo, hata boksi hatujafungua.