Uso wa Kardinali

Masomo: Mathayo 23:5–12, Isaya 49:14–16

Mwaka 1519 mchoraji Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani, alichonga kwenye bamba la shaba uso wa Kardinali Albrecht wa Brandenburg. Picha yenyewe ni ndogo, ya kushika mkononi, lakini imejaa: mashavu yaliyoshiba, kidevu chenye mikunjo, ngao ya ukoo chini ya kofia ya kikardinali, vyeo vyake kwa Kilatini, na umri wake, miaka 29. Dürer alimpelekea bamba pamoja na nakala 200 zilizochapwa kwalo, akalipwa gulden 200, sarafu za dhahabu, na kitambaa cha damaski cha kushonea joho. Nakala 200! Uso wa mtu mmoja ukaweza kufika hata asikofika yeye mwenyewe.

Miaka michache nyuma, kijana huyu, tayari askofu mkuu wa Magdeburg, aliutaka na uaskofu mkuu wa Mainz. Kibali cha Roma kilidai fedha nyingi, akakopa kwa akina Fugger, matajiri wa Augsburg. Sehemu ya deni ililipwa kwa vyeti vya msamaha wa adhabu za dhambi walivyouziwa waumini, wengine wakiamini wanawakomboa wazazi wao waliofariki. Ni yeye huyu ambaye Martin Luther, mtawa aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, alimwandikia kulalamika tarehe 31 Oktoba 1517, akimpelekea na zile hoja 95 za kupinga uuzaji huo.

Bwana wetu aliwasema wale ambao “matendo yao yote huyatenda ili kutazamwa na watu.” Nikiiangalia ile ngao, nawaza ni senti za nani zilizoigharimia.

Lakini tusimcheke kardinali peke yake. Mwaka 1520 mchoraji Lucas Cranach alimchonga Luther kwenye bamba: mtawa aliyekonda, bila ngao wala kofia ya cheo. Mwaka uliofuata tu, Hans Baldung akamchora Luther huyohuyo na njiwa juu yake na nuru ya watakatifu kichwani. Waliompenda ndio waliompamba. Na sisi je, tunaoshona vitenge vyenye sura za maaskofu wetu, na kubandika mabango ya mikutano ambayo uso wa mhubiri umelimeza jina la Yesu?

Katika Isaya, Sayuni analia kwamba Bwana amemsahau. Anajibiwa: “Nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu.” Hapo mwenye enzi hachorwi ili atazamwe. Mwili wake ndio bamba, na aliyechorwa ni yule aliyedhani ameachwa.