Nilivyorudisha sauti kwenye kompyuta yangu ya Linux

Ukifungua mipangilio ya sauti kwenye Linux ukakuta kifaa kimoja tu, nacho kinaitwa "Dummy Output", ujue seva ya sauti imetafuta kadi halisi ya sauti ikaikosa, ikajiundia ya bandia ili programu zisikwame. Video inacheza, kiwango cha sauti unakipandisha na kukishusha upendavyo, spika kimya. Hali hiyo ndiyo iliyonikuta nilipoweka Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwenye kompyuta mpakato yenye kichakataji cha Intel.

Kwa tatizo hili utapewa amri za kunakili hadi uchoke: futa hiki, sakinisha kile, washa upya. Sikutaka kubahatisha. Fundi bomba habadilishi koki kabla hajajua kama tangini kuna maji, nami niliamua kuifuata sauti kuanzia chini. Chini kabisa kuna kifaa chenyewe. Juu yake kuna ALSA, sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) yenye draiva za sauti, yaani programu zinazoendesha vifaa. Juu ya ALSA ndipo ilipo seva ya sauti, zamani PulseAudio na siku hizi PipeWire, inayopokea sauti za programu zote na kuzipeleka zinakotakiwa.

Nilianza na amri ya lspci -k, inayoorodhesha vifaa pamoja na draiva zilizovishika. Kifaa cha sauti kilikuwepo, na chini yake imeandikwa draiva sof-audio-pci-intel-tgl. Basi kifaa kinaonekana na draiva imekitambua. Nikaandika aplay -l, inayoiuliza ALSA ina kadi gani. Jibu: "no soundcards found". Hapo nikajua PipeWire haina kosa lolote, kwa sababu huku chini hapakuwa na kadi ya kupokea sauti yake.

Kilichobaki ni kusoma kerneli inasema nini yenyewe:

sudo dmesg | grep -i sof

Katikati ya mistari mingi palikuwa na mmoja unaosema faili intel/sof/sof-tgl.ri limeshindwa kupakiwa, kosa namba -2. Namba hiyo ilinipa faraja kubwa. Kwenye Linux, kosa -2 maana yake ni faili halipo. Hakuna kilichoungua wala kukatika. Kuna kitu hakijasakinishwa.

Sababu yake ni hii. Kwenye kompyuta mpakato nyingi za Intel za miaka ya karibuni, sauti hupitia kichakataji kidogo cha pekee kiitwacho DSP, na maikrofoni za kidijitali zilizojengewa ndani nazo zimeunganishwa huko. DSP hiyo haifanyi kazi mpaka kerneli iipakie programu dhibiti (firmware) yake, inayotoka kwenye mradi wa Sound Open Firmware. Draiva ilikuwa imeshakishika kifaa, lakini bila faili hilo haikuweza kuunda kadi.

Kwenye Debian, faili hizo zimo kwenye kifurushi cha firmware-sof-signed. Fedora wanakiita alsa-sof-firmware, na Arch sof-firmware. Tangu Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, programu dhibiti zisizo huria zina sehemu yake, non-free-firmware, na kwangu sehemu hiyo haikuwemo kwenye /etc/apt/sources.list. Nikaiongeza kando ya neno main, nikaendesha apt update, nikasakinisha kifurushi, nikawasha upya.

Kuna njia ya mkato inayopendekezwa sana: kuandika options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1 ndani ya /etc/modprobe.d, ili kerneli iiache DSP na kutumia draiva ya zamani ya snd_hda_intel. Niliikataa na bado naikataa. Spika huenda zikalia, lakini maikrofoni ya kidijitali iliyounganishwa na DSP inapotea, na mtu anakuja kugundua hilo akiwa tayari kwenye mkutano.

Baada ya kuwasha, aplay -l ilionyesha kadi, na "Dummy Output" ikatoweka. Kama kadi ingeonekana huku jina hilo likiwa bado lipo, ningeanzisha upya huduma za pipewire, pipewire-pulse na wireplumber kwa systemctl --user, bila sudo (ruhusa ya msimamizi), maana zinaendeshwa chini ya mtumiaji.

Lakini hedifoni zililia, spika hazikulia. Nikafungua alsamixer, programu ya kurekebisha viwango vya sauti vya ALSA. Ukurasa wake wa kwanza huweza kukuonyesha mhimili mmoja tu wa seva ya sauti, kwa hiyo bonyeza F6 uchague kadi yenyewe. Hapo ndipo mihimili yote inajitokeza. Chini ya mhimili wa Speaker palikuwa na herufi MM, yaani umenyamazishwa. Nikausogelea kwa mshale, nikabonyeza M, MM ikageuka 00. Nikatoka, nikahifadhi hali hiyo kwa sudo alsactl store, kisha nikajaribu:

speaker-test -c 2 -t wav

Sauti ya mtu ikataja upande wa kushoto, ikatoka kushoto; ikataja wa kulia, ikatoka kulia. Mwisho nikarekodi sekunde tano kwa arecord -f cd -d 5 jaribio.wav, nikalicheza faili kwa aplay, nikaisikia sauti yangu vizuri. Maikrofoni nayo ilikuwa imerudi.