Muuza mtindi na vidonge vya bakteria: tulivyovuka wiki za mionzi

Nianze na kinachonikera. Ukiwa na mgonjwa wa saratani ndani ya nyumba, kila anayepiga hodi amebeba dawa. Majani ya mstafeli, mlonge, magadi, asali ya nyuki wadogo. Safari hii hapa Mwanza zamu ilikuwa ya bakteria: "bakteria rafiki", "probiotiki", kopo lenye picha ya utumbo unaong'aa, na maneno mengi.

Mimi ni muuza mtindi. Nimesomesha watoto kwa maziwa ya kuganda, na usiponisifu nitajisifu mwenyewe: mtindi wangu haujawahi kurudishwa. Kwa hiyo watu walipoanza kunifundisha habari za bakteria wa kwenye maziwa, niliona nimeingiliwa jikoni kwangu.

Mgonjwa ni mama mkwe. Saratani ya shingo ya kizazi. Mambo ya rufaa, bima na foleni mnayajua, sitayarudia. Alipangiwa mionzi ya nje, vipindi 25, siku 5 kwa wiki, na mara moja kila wiki anawekewa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, halafu baadaye mionzi ya ndani. Sista mmoja akanivuta pembeni: "Dada, mionzi ya nyonga inapita na kwenye utumbo. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu tumbo litaendesha. Wengine wanaishiwa maji mpaka tunasimamisha matibabu." Hilo ndilo nililolishika. Kusimamisha mionzi katikati ndiyo hasara yenyewe, maana inatakiwa iende mfululizo.

Wifi yangu naye alikuwa amesikia habari ya tumbo, akaona suluhisho analo. Jumapili akaja na dada mmoja wa zile biashara za mtandao, amevaa suti, mkoba umejaa pakiti. Kampuni siitaji. Tukakaa sebuleni, mama mkwe kwenye kochi, mimi nimepiga magoti namimina chai kama mkwe mwema. Dada akaeleza kwamba saratani inaanzia tumboni, kwamba bakteria wake wanaila saratani, na mgonjwa akitumia miezi mitatu hata mionzi hataihitaji. Bei ni laki na ushee kwa pakiti, na ukichukua nyingi unapunguziwa.

Hapo nilinyamaza. Nilichoshindwa kuvumilia ni alipoomba glasi ya maziwa ya uvuguvugu.

Akachana kipakiti, akamwaga unga, akakoroga. Kabla hata kijiko hakijatulia, maziwa yakakatika. Mabonge huku, maji ya kijanikijani huku. "Mnaona? Bakteria wameamka, wameanza kazi!" Wifi akapiga makofi. Mama mkwe akanitazama. Na mimi nikaitazama ile glasi, kwa sababu kitu kimoja nakijua hapa duniani ni maziwa. Maziwa yaliyotiwa bakteria hayakatiki kwa dakika. Bakteria anakula sukari ya maziwa taratibu, anatoa asidi taratibu, na maziwa yanaganda laini, unayakata kwa kijiko kama kitumbua. Mbegu yangu nikiitia jioni, napata mtindi asubuhi. Tena siku za baridi naifunika ndoo kwa blanketi na bado inanichelewesha.

Nikachovya kidole. Ukali wa ndimu mtupu! Hakuna harufu ya mtindi hata chembe.

Nikaomba radhi, nikaingia jikoni, nikarudi na glasi mbili za maziwa kutoka sufuria ileile. Ya kwanza nikakamulia ndimu mbele yao. Ikakatika palepale, mabonge yaleyale, maji yaleyale. Nikamwambia, "Dada, bakteria wangu hawa nimewachuma mtini." Ya pili nikatia kijiko cha mtindi wangu wa asubuhi, bakteria hai kabisa, nikakoroga. Maziwa yakabaki maziwa. "Hii naifunika, mnaiacha hapo mezani mpaka kesho." Dada akasema bakteria wake ni wa teknolojia mpya, ni wa kasi. Mama mkwe akacheka mpaka akashika tumbo, na tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu yatoke majibu ya kile kinyama alichokatwa kupimwa saratani.

Sisemi kwamba ndani ya ule unga hamkuwa na bakteria. Huenda walikuwamo. Ila kilichokata maziwa ni asidi ya kwenye kipakiti, na mtu anayenidanganya kwa glasi ya maziwa simwamini kwa shingo ya kizazi ya mama mkwe. Asubuhi glasi ya pili ilikuwa imeganda. Nilimpigia wifi picha, nikamtumia bila kuandika neno.

Msinielewe vibaya, bakteria si uongo. Hapahapa Mwanza, kule Mabatini, tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kuna kikundi cha akina mama walioanza kutengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Western cha Kanada, wakiwalenga hasa watu wanaoishi na VVU. Kwa hiyo pakiti za wifi hazikuwa jambo geni mjini. Nilichofanya ni kumwomba yule dada aandike kwenye karatasi majina ya bakteria waliomo na idadi yao. Aliandika "bakteria wazuri bilioni nyingi". Karatasi hiyo ninayo hadi leo, na wewe ukiuziwa, omba uandikiwe. Jina lenye maneno mawili ya Kilatini, halafu herufi au namba ya aina yenyewe. Asiye nalo hajui anachouza.

Daktari nilimfuata nikiwa na hilo swali tu: bakteria wanamsaidia mgonjwa wa mionzi ya nyonga au hawamsaidii? Nilidhani atanifukuza. Akaniambia linalojulikana: kwa kuhara kunakoletwa na mionzi ya nyonga, miongozo ya kimataifa inataja Lactobacillus kama kitu kinachoweza kusaidia kuzuia. Akanitajia utafiti wa Thailand wa mwaka 2010, wanawake 63 wenye saratani ileile ya mama mkwe, wenye mionzi na sisplatini ileile. Waliopewa vidonge vya Lactobacillus acidophilus na Bifidobacterium bifidum walioharisha kwa kiwango cha kusumbua walikuwa asilimia 9, na waliopewa vidonge visivyo na kitu walikuwa asilimia 45. Walianza kumeza wiki moja kabla ya mionzi. "Lakini mama, hapo ni tumbo tu. Saratani inaachiwa mionzi na dripu. Na wanawake 63 ni wachache."

Akaandika vya kwetu. Vilipatikana duka la dawa, elfu arobaini na kitu, siyo laki.

Sasa sikilizeni nilivyotukanwa kistaarabu. Nikamwambia, daktari, vidonge vya nini na mimi nina ndoo nzima? Akaniuliza mbegu yangu ina bakteria gani. Nikasema wazuri. Akatabasamu. (Ndiyo, nilisikia jinsi lilivyotoka.) Akaniuliza maziwa nanunua wapi, nayachemsha mpaka wapi, mbegu naikinga vipi. Akasema dripu inashusha chembe nyeupe za damu, na zikishuka sana, hasa zile zinazoitwa neutrofili zikiwa chini ya 500, hata bakteria mpole anaweza kupenya kwenye utumbo ulioungua akaingia kwenye damu. Chachu nayo ni hivyohivyo: kuna vidonge vya tumbo vyenye Saccharomyces boulardii, na kwa mgonjwa mwenye mpira wa dripu kwenye mshipa mkubwa hivyo vinaogopwa. Kwa hiyo mtindi wa ndoo, hapana. Mtindi wa kiwandani uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, kidogo, siku ambazo FBP, kile kipimo cha chembe za damu, iko vizuri.

Nilimnunulia mama mkwe mtindi wa pakiti dukani. Mimi! Nilitoka na mfuko mweusi nisionekane na wateja wangu.

Maziwa yasiyoganda na chai ya maziwa tulivikata kabisa tumbo lilipoanza kuchafuka. Utumbo ukiungua na mionzi unashindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, na mtindi unavumilika zaidi kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya hiyo sukari. Dona, maharage na mchicha vikapumzishwa. Wali mweupe, ndizi mbivu, sato wa kuchemsha vikaingia. ORS kwenye chupa, anakunywa fundo kwa fundo. Dawa ya kufunga tumbo daktari alituandikia, lakini tuliambiwa tusianze wenyewe akiwa na homa.

Kitu kilichotusaidia kuliko vyote, na hakuna aliyenishauri, ni daftari la choo. Mama mkwe ni mtu wa heshima, hawezi kumwambia mkwewe amekwenda chooni mara ngapi. Nikamwekea bakuli la punje za mahindi na bakuli tupu pembeni ya mlango wa choo. Akitoka anahamisha punje moja. Jioni nahesabu, naandika, hakuna aliyeaibika. Daktari alilipenda daftari kuliko maelezo yangu yote.

Katikati ya matibabu FBP ikarudi mbaya, dripu ikaahirishwa, na daktari akasimamisha vidonge vya bakteria siku hiyohiyo. Wifi akaja juu: eti ndio wakati wa kuongeza, kinga imeshuka! Nikamweleza kwamba bakteria hawaongezi chembe nyeupe. Hata kwa wagonjwa wanaopewa dawa za kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, huko Texas, utafiti uliotoka 2021 kuhusu saratani ya ngozi ya melanoma haukuona faida kwa waliojinunulia probiotiki, na panya waliopewa probiotiki, uvimbe wao ulikua haraka zaidi. Waliofanya vizuri ni watu waliokula vyakula vya nyuzinyuzi kwa wingi. Hakunielewa. Nikambandikia karatasi mlangoni: joto likifika 38, hospitali, usiku au mchana.

Mionzi ilikwisha bila kusimamishwa kwa ajili ya tumbo. Aliharisha, punje zilihama, lakini hakuishiwa maji. Ni vidonge, ni sato, ni ORS? Siwezi kuapa. Vilikwenda pamoja.

Sasa tatizo ni wifi. Ametangaza mtaa mzima kwamba mtindi wangu ndio uliomponya mama. Juzi kijana kaja na dumu la lita tano, anataka "ule wa saratani". Nikamuuliza mgonjwa ni nani na anatibiwa wapi. Ni mama yake, anatokwa damu tangu mwaka jana, hospitali hajaenda. Dumu nililizuia, nikamtoa nje nikampakia kwenye bodaboda ampeleke mama yake hospitali kesho yake asubuhi, na nauli nimelipa mimi.