Mchanga Unauona?

Ami yangu alikuwa na kichaa cha kamba. Kila kilichoingia ndani ya ngalawa yake kilifungwa: upo wa kuchotea maji, kasia, kisu, dumu la maji, hata kikopo chake cha tumbaku. Ukishuka pwani ya kwetu Mkokotoni, Unguja, kabla ya alfajiri utamkuta amechutama anaongeza fundo juu ya fundo, ungedhani katikati ya bahari kuna wezi. Vijana tulimcheka sana. Yeye hakujibu.

Kichaa hicho kilizidi baada ya Septemba 2011. Usiku wa kuamkia tarehe 10 mwezi huo meli ya MV Spice Islander ilizama ng'ambo ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ikielekea Pemba, na ami alikuwa mmoja wa wavuvi waliokwenda kuokoa watu. Aliporudi hakutusimulia maiti. Alitusimulia magodoro. Meli ilikuwa na shehena ya magodoro, na wengi waliopona walikuwa wamelala juu yake au wameyakumbatia usiku kucha. "Hawakuogelea hao," alisema. "Walishika."

Basi kuanzia hapo, kila jioni maji yakijaa, alitukusanya vijana wa ukoo. Tuliingia majini na nguo zetu zote. Tulielea chali, masikio ndani ya maji, mpaka agonge ubao wa ngalawa mara tatu. Mwanzo dakika tano, baadaye nusu saa. Alitufunga macho kwa kitambaa, akatuzamisha kichwa, tufungue fundo la tanga kwa vidole tu. Alitufundisha kuvua suruali majini, kufunga miguu yake, kisha kuipiga juu ya maji ijae hewa iwe kama boya. Wasichana waliokuwa wakikusanya kombe walituona tukipambana na suruali zetu, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nadhani mnaelewa.

Isitoshe, mimi nilijiona sihitaji mambo hayo. Nilikuwa najitayarisha kuomba nafasi KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo baharini. Nikikimbia mchangani kila asubuhi, nikipiga pushapu mpaka mikono itetemeke, na kuogelea nilikuwa naogelea kuliko kijana yeyote niliyemjua. Ami alikuwa karibu na sitini, goti lake moja limekufa ganzi, akikohoa. Moyoni nilisema, siku ya siku, mimi ndiye nitakayemwokoa mzee huyu.

Siku ya siku ilikuja Agosti 2013, wiki mbili hivi baada ya Iddi. Tulikuwa watatu: ami, mimi, na mtoto wa shangazi yangu, wa miaka kumi na minne. Tulitoka usiku maji yamejaa, tukaenda kuvua mishipi kaskazini ya kisiwa cha Tumbatu. Kusi lilikuwa bado halijachoka. Kiasi cha saa mbili asubuhi tukaona wingu la mvua linakuja kutoka nyuma, jeusi chini, na ami akasema tushushe tanga. Nikasimama kushika foromali, mti unaobeba tanga. Sikuifikia. Upepo ulipiga mara moja, tengo la upande wa demani, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, likazama, nikasikia linavunjika kama muwa, na ngalawa ikalala juu yetu.

Nilipofumbua macho nilikuwa chini ya tanga. Kote ni kijivu, kitambaa kimenigandia usoni, na kamba imenizunguka mguu. Nikafumba tena. Sijui kwa nini nilifumba. Labda kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya kila jioni. Vidole vikashuka vyenyewe, vikapata fundo, vikalifungua. Kisha nikatambaa chini ya kitambaa kwa viganja mpaka nikapata ukingo. Nilipotoa kichwa, ami alikuwa ameshamkamata kijana kwa shingo ya fulana na kumning'iniza kwenye tengo lililobaki zima. Alikuwa anahesabu kwa sauti. Aliponiona akasema, "Tatu," akanyamaza.

Tulijaribu kuisimamisha. Ngalawa iliyovunjika tengo haisimami, na mawimbi yalikuwa yanaijaza kila tulipoiinua. Ikabaki imelala ubavu, gogo la mwembe limejaa maji lakini halizami. Na pembeni yake, vimefungwa kila kimoja kwa kamba yake, vilielea upo, kasia na lile dumu la manjano la mafuta ya kupikia, lita ishirini, lina maji ya kunywa hadi katikati. Hata kikopo cha tumbaku kilikuwepo.

Mvua ikapita, jua likatoka, na mimi nikaiona nchi kavu. Minazi ya Unguja, mashariki, wazi kabisa. Ungeihesabu.

"Ami, mimi naogelea. Nakwenda kuleta watu."

"Huendi."

"Ni hapo tu, ami."

Akageuza kichwa akatazama nilikokuwa natazama. "Minazi unaiona?"

"Naiona."

"Mchanga unauona?"

Nikajinyanyua juu ya gogo, wimbi likaniinua, nikatazama tena. Vichwa vya minazi tu, vimesimama juu ya maji. Mchanga hamna.

"Basi ni mbali," akasema. "Na maji yanakupwa, bamvua hii, yatatoka mpaka saa tano. Wewe utakwenda mashariki na yenyewe yatakwenda kaskazini na wewe. Utaipita Nungwi unaiangalia."

Kwetu siku za bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Nilikuwa nayajua hayo tangu utotoni, kwani ndiyo yanayoamua saa ya kula na saa ya kulala, lakini sikuwahi kuyafikiria nikiwa kitu kinachochukuliwa nayo. Bado nilibishana. Nilisema kuhusu mbio zangu, niliyataja mapafu yangu, naona aibu kuyaandika. Mwisho nikamwambia kwamba akiendelea kuning'ang'aniza hapa atatuua sote. Nilikuwa sijawahi kumjibu ami vile. Hakupandisha sauti. Alichukua ncha ya kamba ya upo akanifunga kifundo cha mkono kwenye tengo, kwa lile fundo lake la mara mbili, mbele ya mdogo wangu, kama mbuzi. Ningeweza kulifungua kwa macho yaliyofumbwa. Sikulifungua.

Kisha akanipa kazi. Nizamie nikatoe tanga mlingotini, maana lilikuwa linavuta maji na kutuzungusha. Nilizama kama mara kumi mpaka likatoka, tukalitandaza juu ya ubavu wa ngalawa, likawa jeupe linaonekana. Maji ya dumu tukanywa mafunda mawili mawili, mengine tukayamimina kwenye kigaloni kidogo, dumu tupu tukalifunga kwenye ncha ya kasia na kasia tukalisimamisha. Zamu ya kulishika ilikuwa yangu na ya ami. Kijana yeye kazi yake ilikuwa kushika tu.

Suruali nilijaribu pia, nisije nikaonekana sikufundishwa. Ilikuwa ya spoti, imechakaa matakoni. Hewa ikatoka yote ikifanya sauti ambayo kijana aliicheka mpaka akameza maji. Ikawa ndio mara ya kwanza kucheka siku ile.

Bahari yetu si ya baridi, lakini ukikaa ndani yake saa tatu na upepo wa kusi unakupiga mabega, meno hugongana. Ami ndiye aliyeanza kutetemeka. Tukamweka katikati. Yeye akatutaka tusinyamaze, akaanza kumhoji kijana habari za mtaani: nani kaposwa, mahari kiasi gani, mbuzi wa nani kala muhogo wa nani. Kijana aliyajua yote. Niligundua siku ile kwamba shangazi yangu hana siri hata moja. Ami aliposhindwa kusikia kwa kutetemeka alisema, "Rudia, mwanangu," na kijana akarudia, "Mjomba, nilisema hivi..."

Kiasi cha saa tano nikaona minazi haisogei tena. Mkondo ulikuwa umechoka. Nungwi ilikuwa kulia kwetu, mnara wake mwembamba kama njiti, na kama tungelikwenda nusu saa nyingine vile vile, nyuma yake ni mkondo wa Pemba. Sikusema kitu. Ami naye hakusema, ingawa najua aliuona.

Waliotuona ni wavuvi wa Kipemba waliokuwa dago, yaani wamepiga kambi ya kuvua, na boti ya mashine. Ilikuwa imeshapita saa saba. Baadaye walitueleza kwamba vichwa vyetu hawakuviona kabisa. Waliona kitu cha manjano kinapanda na kushuka, wakadhani ni alama ya nyavu za mtu.

Walimtoa kijana kwanza. Vidole vyake vilikataa kuachia tengo, ikabidi wavikunjue kimoja kimoja. Nikafuata mimi, nilipojaribu kusimama ndani ya boti magoti yakajikunja, nikaanguka juu ya samaki wao. Ami akabaki majini.

"Panda, mzee," nahodha wao akasema.

"Ifungeni ngalawa kwanza."

"Mzee, hii imekwisha. Panda."

"Chombo hiki mnakiacha na mimi mniache."

Walibishana naye pale pale, mzee midomo imegeuka rangi, ameshika gogo kwa mkono mmoja na mwingine anaeleza kamba ipite wapi. Wakaona huyu hapandi. Wakamrushia kamba, akaifunga yeye mwenyewe, fundo juu ya fundo, ndipo akakubali kunyanyuliwa. Hajakaa sawa akaanza kujadiliana nao gharama ya mafuta.

Tuliburura ngalawa ile polepole mpaka Nungwi, tukafika baada ya saa tisa. Siku ya tatu, jioni, maji yamejaa, nilisikia mtu anagonga dirisha langu kwa kasia. Alikuwa ami, amejifunga kikoi shingoni kwa ajili ya kikohozi. Mkononi alikuwa na suruali ya zamani ya kaki, nzito, nzima matakoni, akanitupia.