Swali la Idrisa

Harusi ya Zuhura imekwisha salama, kazini tumefunga hesabu za mwaka, na mimi bado nipo na swali la Idrisa la Jumapili mezani.

“Shangazi, mwalimu anasema caterpillar ni kiwavi. Mbona katapila ni lile linalochimba barabara?”

“Katapila ni mashine, kiwavi ni mdudu. Havihusiani. Kula, wali unapoa.”

Akainama, akala. Havihusiani! Neno hilo linaniuma, maana si kweli, na maneno ndiyo kazi yangu. Mtoto alikuwa ameuona uzi, mimi nikaukata.

Ningemwambia hivi. Mwaka 1904, huko Stockton, California, Benjamin Holt alikuwa na trekta za mvuke zilizokuwa zikizama kwenye udongo tepetepe. Akang'oa magurudumu ya nyuma, akafunga minyororo yenye vibao. Uzito ukatandazwa juu ya eneo pana, trekta haikuzama. Inasimuliwa kwamba mpiga picha Charles Clements alipoiona alisema inatambaa kama kiwavi. Jina hilo, Caterpillar, likasajiliwa mwaka 1910. Kwetu likaja na mashine, tukalitamka katapila, na siku hizi hata lenye matairi watu huliita hivyohivyo. Mdudu hakulihitaji, alikwisha kuwa na jina lake.

Jana jioni nikakuta kiwavi kwenye jani la mchicha, nikainama kumtazama hadi giza likaingia. Miguu ya kweli ni sita tu, kifuani. Ile minene ya nyuma ni vinyama vyenye vindoano vya kushikia jani. Hatua huanzia mkiani: kinyama cha mwisho kinang'oka, kinashika mbele kidogo, na wimbi linapanda mwilini hadi kichwani. Clements alikuwa na jicho.

Nikaingia ndani nimechangamka, nikafungua kamusi. Waingereza walilitoa neno lao katika Kifaransa cha kale, chatepelose, yaani paka mwenye manyoya. Wafaransa wenyewe leo husema chenille, lenye asili ya neno la Kilatini la mbwa mdogo. Wenzetu waliona manyoya wakakumbuka wanyama wa kupapasa; sisi tukiyaona tunavuta mkono, tunajua yatatuwasha.

Idrisa anakuja Jumamosi. Nitamwanzia kwenye mchicha, kabla ya chakula.

Mama bado anakohoa usiku, na dawa imebaki vijiko viwili.