Droni ya miwani: kwa nini mpaka umebaki mita 500

Hatua ya tatu ya mradi wetu wa droni ya miwani, ile ambayo rubani huiongoza akitazama ndani ya miwani picha inayorushwa na kamera yake. Droni ni ileile: fremu ya inchi 5, betri ya seli 4 ya 1500 mAh, rimoti ya ELRS (mfumo wa redio wa kuongozea droni) ya gigahezi 2.4, video ya analogi ya gigahezi 5.8. Swali la wiki hii: iende hadi wapi?

Wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya video. Hesabu inakataa. Kila umbali unapozidi mara 2, mawimbi yanapungua kwa desibeli 6. Ukipanda kutoka miliwati 25 hadi 200, yaani nguvu mara 8, umbali unaongezeka mara 2.8 tu, na joto unalipata lote: kisambaza video kikiachwa chini bila upepo wa propela, huchemka haraka. Kukiwasha bila antena ni kukiunguza.

Antena zina faida kubwa kuliko miliwati. Ya droni na za miwani ziwe zote za mzunguko wa kulia au zote za kushoto, yaani mawimbi yake yazunguke upande mmoja. Zikichanganywa, chenga zinajaa mapema. Kwenye miwani ipo moja bapa na moja inayosikia pande zote. Ile bapa husikia mbali, lakini mbele yake tu. Mtu akigeuza shingo kwa sababu droni imekata kona, picha inaanguka. Shingo itulie, igeuke droni.

Halafu kuna vizuizi. Katika mita 500, mawimbi ya video yanahitaji uwazi wa mita 2.5 hivi kuzunguka mstari, pale katikati ya njia. Droni ikishuka nyuma ya mikaratusi yenye majani mabichi au ukuta wa mawe, picha inakatika hata kama rimoti bado inasikika. Chenga za kwanza zikitokea, panda kwanza, kisha geuka. Ukigeuka ukiwa chini, unabaki nyuma ya kizuizi kilekile, sasa ukiwa huoni.

Lakini vinavyobana zaidi ya video ni upepo na betri. Nairobi upepo huja zaidi kutoka mashariki. Chukua droni inayokwenda mita 10 kwa sekunde hewani, na upepo wa mita 6. Ikienda na upepo, mita 500 zinaisha kwa sekunde 31. Kurudi dhidi ya upepo ni sekunde 125, mara nne. Ndiyo maana sasa tunaanza kwa kuukabili upepo, ili safari ya kurudi isukumwe.

Ongeza mwinuko wa jiji, mita 1,700 hivi: hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa, na propela zinazunguka kwa kasi zaidi kubeba uzito uleule. Kwa wastani wa ampea 15, asilimia 80 ya betri hii haifiki dakika 5. Kengele imewekwa volti 3.5 kwa seli. Ikilia wakati wa kupanda kwa nguvu, punguza gesi (nguvu ya mota) uone kama volti zinarudi. Zisiporudi, njoo nyumbani.

Mawasiliano ya rimoti yakikatika, droni imepangwa ijirudishe yenyewe kwa GPS, si kuanguka. Mambo mawili hukosewa hapa. La kwanza, kuruka kabla satelaiti hazijafika 8, hivyo droni haijui nyumbani ni wapi. La pili ni letu sisi wa bara: gesi ya kuelea, inayoishikilia droni hewani bila kupanda wala kushuka, ikinakiliwa kutoka kwa mtu wa pwani ni ndogo mno huku, na droni inaanza safari ya kujirudisha kwa kushuka. Elea sekunde 30, soma asilimia ya gesi kwenye miwani, weka hiyo. Jaribio la mezani, propela zikiwa zimetolewa: washa mota, zima rimoti, angalia ujumbe wa dharura. Lifanywe kila baada ya kubadilisha mpangilio wowote.

Mwenye miwani ni kipofu kwa anga, kwa hiyo mwangalizi anasimama ubavuni mwake, macho kwa droni tu, simu mfukoni. Maneno ni machache: "Mwewe kushoto, juu." "Eropleni, shuka." "Siioni." La mwisho likitamkwa, safari imekwisha. Mwewe hushambulia, korongo wakubwa wa Barabara ya Mombasa hawashambulii, ila hupanda na hewa ya moto mchana na kujaa njiani.

Sheria ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, nayo inataka droni ionekane kwa macho na isizidi futi 400. Kwa viwanja vya ndege vya JKIA, Wilson na Eastleigh kuwa ndani ya jiji moja, kibali kinatafutwa kabla ya betri kuchajiwa. Na fremu ya inchi 5 iliyo umbali wa mita 500, dhidi ya mawingu meupe, ni kinukta. Mwangalizi akipepesa macho anaanza kuitafuta upya. Hapo ndipo mpaka ulipowekwa.

Wiki ijayo: mkanda wa rangi ya chungwa kwenye mikono ya fremu, na kupima kama mita 500 zinabaki zilezile jioni, jua likiwa chini.